Jirani Zangu Wameksiko: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Napanga nyumba La Villita, kusini-magharibi mwa Chicago, hatua chache kutoka Mtaa wa 26. Nilipotoka Dar nilifikia kwenye sinki la vyombo la mgahawa, na upande wa majiko wote walikuwa watu wa Puebla, Guerrero na Michoacán, majimbo ya Meksiko. Kihispania cha jikoni kilinikaa mdomoni kabla Kiingereza changu hakijanyooka. Tangu hapo kila mgeni anayeshuka kutoka nyumbani, na kila ndugu anayepiga simu ya video akaona mapambo ya jirani nyuma yangu, huniuliza yale yale. Nimeona niyaandike mara moja yaishe.

Wanaishi kama kwenye tamthilia?

Hapana. Tamthilia tulizokulia nazo kila mtu alikuwa mweupe, ana farasi, ana hoteli, na ana mama mkwe mwenye roho mbaya. Watu niliooshea sufuria zao ni wa rangi ya udongo, wafupi wengi wao, wanaamka saa kumi alfajiri na hawajawahi kumiliki farasi. La mama mkwe sitalisemea.

Nimwiteje mtu mzima?

Mwanamume ni Don, mwanamke ni Doña, kisha jina lake la kwanza. Kumwita mzee kwa jina tupu ni kama kupita mbele ya bibi yako bila shikamoo. Halafu kuna "wewe" mbili: "tú" ya rika lako na "usted" ya heshima. Ukiwa huna uhakika, tumia usted. Hakuna aliyewahi kugombana na mtu kwa kuheshimiwa kupita kiasi.

Kuna neno moja lililonifurahisha siku ya kwanza. Mama akimwita mwanawe, mtoto haitiki "nini?" Anaitika "¿mande?", maana yake niamuru. Nikasema ah, hii si labeka yetu hii! Na ukipita karibu na watu wanaokula, hata usiowajua, unawaambia "provecho". Sisi anayekula ndiye anayesema karibu. Wao anayepita ndiye anayewatakia mlo mwema.

Majina mawili ya mwisho yasikuchanganye. La kwanza ni la ukoo wa baba, la pili la ukoo wa mama. Mwanamke akiolewa kwa kawaida habadilishi jina, kwa hiyo usije ukadhani mke na mume wenye majina tofauti hawajafunga ndoa.

Wanaposema "familia" wanamaanisha nani hasa?

Anza na wale tunaowafahamu: bibi, babu, shangazi, mjomba, binamu mpaka wa tatu. Kisha ongeza compadre na comadre, na hapa ndipo mambo yanaponoga.

Mtoto akibatizwa anapata baba na mama wa ubatizo, kama ilivyo kwa Wakristo wa kwetu. Tofauti ni kwamba kwao uzito mkubwa unaangukia kati ya watu wazima. Mzazi na msimamizi wa ubatizo wanaanza kuitana compadre, na wataitana hivyo mpaka mmoja amzike mwenzake. Majina yao halisi yanakaribia kusahaulika. Compadre huwezi kumdhulumu, humkopeshi ukamfuata mbele za watu, humnyimi kitanda akifika usiku.

Nilikuwepo siku kijana mmoja alipokuja mgahawani kuulizia kazi. Meneja alikuwa ameshamwambia nafasi hakuna. Mpishi akafuta mikono kwenye aproni, akasema neno moja tu: ni mtoto wa compadre wangu. Kesho yake kijana alikuwa pembeni yangu anamenya vitunguu. Kwa njia hiyo hiyo kijiji kizima cha Michoacán kinaweza kuhamia mtaa mmoja wa Chicago bila tangazo lolote. Familia ndiyo wakala wa ajira, ndiyo benki, ndiyo nyumba ya kufikia, ndiyo bima ya msiba. Anayeishangaa anashangaa kwa sababu kwake kazi hizo zinafanywa na ofisi.

Neno jingine la kulijua: "bien educado". Usifikiri ni mtu aliyesoma. Profesa anaweza kuwa "mal educado" na mchunga mbuzi akawa "bien educado", kwani educación kwao ni malezi na adabu. Nikimweleza Mmarekani ananitazama tu. Nikimweleza mtu wa Tanga anamalizia sentensi kabla yangu.

Nimealikwa quinceañera. Ni harusi?

Utadhani harusi ukiona gauni. Ni sherehe ya binti kutimiza miaka 15. Inaanza kwa misa, kisha ukumbini. Baba anapiga goti mbele ya watu wote, anamvua binti viatu vya chini na kumvalisha vya visigino virefu. Kuna mwanasesere wa mwisho, anayepewa kama kuagwa kwa utoto. Kuna waltzi wanayoifanyia mazoezi miezi mingi, na vijana wa kiume waliovaa suti zinazofanana ambao nusu yao hawajui waweke mikono wapi.

Gharama hazibebwi na baba peke yake. Kuna padrino, yaani baba msimamizi, wa muziki, kuna madrina, yaani mama msimamizi, wa keki, madrina wa taji, madrina wa mwanasesere. Kila mmoja anashika kipande chake na jina lake linatajwa. Kwetu ingekuwa kamati, mweka hazina, na kundi la WhatsApp la kukumbushana ahadi. Wao wanamgawia mtu kitu anachoweza kukishika mkononi, na sijasikia keki iliyokosekana. Nadhani tungejifunza hapo.

Wewe mgeni peleka bahasha yenye pesa, fika umechelewa kidogo, na usiondoke kabla ya chakula.

Cinco de Mayo ndiyo siku yao ya uhuru?

Hapana. Tarehe 5 Mei ni kumbukumbu ya vita vya Puebla mwaka 1862, jeshi la Meksiko lilipowapiga Wafaransa. Kule Meksiko nje ya Puebla siku hiyo haina kishindo. Ni Marekani ndiko imegeuka ya bia. Uhuru wanausherehekea Septemba 16, kwa kumkumbuka padri Miguel Hidalgo aliyepiga kengele ya kanisa mjini Dolores mwaka 1810.

Siku ya Wafu ni ushirikina?

Swali hili huja kwa sauti ya chini, hasa kutoka kwa waliookoka. Nitaeleza nilichokiona.

Novemba 1 ni ya watoto waliotangulia, Novemba 2 ya watu wazima. Doña wa ghorofa ya chini hutandika kitambaa juu ya kabati, anapanga picha, mishumaa, glasi ya maji kwa ajili ya aliyesafiri mbali, chumvi, mkate wa wafu, na maua ya cempasúchil ya rangi ya chungwa yenye harufu kali. Kisha kile alichokipenda marehemu. Kwa baba yake anaweka soda moja na pakiti ya sigara, ingawa sigara ndizo zilizomuua. Anasema kugombana naye sasa hakuna faida. Kule vijijini watu huenda makaburini, wanafagia, wanapamba, wanakesha wakila na kupiga soga. UNESCO iliiingiza mila hii kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2008.

Ukiita tambiko sitakupinga, na padri wao anaita sala. Mimi nilichokiona ni mama anayewatajia wajukuu majina ya watu ambao hawatawaona kamwe, na wajukuu wanayashika.

Ilikuwaje wakawa wengi Marekani?

Wengine hawakuhama. Kwa mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848, baada ya vita na Marekani, Meksiko ilipoteza karibu nusu ya ardhi yake: California, Nevada, Utah na sehemu kubwa ya majimbo jirani. Texas ilikuwa imeshatoka kabla. Ndiyo maana wana msemo kwamba hawakuvuka mpaka, mpaka ndio uliowavuka.

Waliohama waliitwa. Mwaka 1942, vijana wa Kimarekani wakiwa vitani, serikali mbili zilikubaliana kuleta vibarua wa mashambani, "braceros". Mpango ulidumu hadi 1964 na mikataba iliyosainiwa ni kama milioni 4.6. Miaka ya mwanzo asilimia 10 ya mshahara ilikatwa kuwekwa akiba kwenye benki za Meksiko, na wengi hawakuiona tena. Wajukuu zao wamehangaika nayo mahakamani. Wanaokumbuka madai ya mafao ya wazee wetu waliofanyia kazi iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki wataelewa hadithi hiyo bila mkalimani.

Katikati ya kuitwa kulikuwa na kufukuzwa. Wakati wa mdororo wa miaka ya 1930 mamia ya maelfu walirudishwa Meksiko, wakiwemo watoto waliozaliwa Marekani na ni raia. Ikaja tena operesheni ya 1954, huku mpango wa braceros ukiendelea. Mkono mmoja unavuta, mwingine unasukuma.

Na jambo ambalo watu wengi hawalijui: zamani wanaume walikuwa wanakwenda na kurudi. Msimu wa mavuno kaskazini, Krismasi nyumbani. Mwaka 1994 ulinzi ulipokazwa upande wa San Diego, njia ikahamia jangwa la Arizona, ambako watu wanakufa kwa kiu, na bei ya "coyote", yaani mvushaji, ikapanda. Kurudi Krismasi kukawa ni kucheza na roho. Basi wakabaki, na badala ya wao kwenda kwa familia, familia zikawafuata. Uzio uliokusudiwa kuwazuia wasiingie uliwazuia wasitoke.

Mtu amekaa miaka 25, mbona hana makaratasi? Si angeomba tu?

Hata Wamarekani huuliza hivi. Wameksiko pia wanasema "papeles", karatasi, kama sisi tunavyosema makaratasi.

Foleni ambayo wengi wao wangepanga haipo. Mwosha vyombo asiye na ndugu raia hana dirisha la kwenda kusimama. Mwenye kaka raia anaweza kuombewa, lakini kwa Wameksiko subira hiyo inapita miaka 20. Juu yake kuna sheria ya 1996: aliyekaa bila kibali zaidi ya siku 180 kisha akatoka nchini anafungiwa miaka 3, aliyefikisha mwaka, anafungiwa miaka 10. Aliyeingia kwa kuvuka jangwa kwa kawaida lazima atoke akahojiwe kwenye ubalozi mdogo wa Marekani ulioko kwao, na kutoka huko ndiko kunakomfungia. Watu hudhani mtoto aliyezaliwa hapa anamwokoa mzazi. Akifika miaka 21 anaweza kumwombea, kweli, lakini adhabu ya miaka 10 haiondoki. Msamaha unaoombwa hupima dhiki ya mume, mke au mzazi mwenye uraia au ukaazi wa kudumu. Dhiki ya mtoto haimo.

Mimi si mwanasheria, nenda kwa mwanasheria. Ila usiende kwa anayejiita "notario". Meksiko notario ni mwanasheria mkubwa. Marekani ni mtu mwenye muhuri tu wa kushuhudia saini. Matapeli wamelitumia jina hilo kula pesa za watu wengi.

Doña wa chini alifiwa na mama yake miaka minne iliyopita. Alikuwa hajamwona kwa miaka 19. Kwao baada ya mazishi kuna rozari kwa siku tisa. Siku zote tisa, saa kumi na mbili jioni, aliegemeza simu kwenye kopo la kahawa, akafunga kitambaa cheusi, akapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni pake, na sauti za kijijini zikawa zinamjibu zikikatika-katika. Siku ya tisa mtandao ukagoma katikati. Akaendelea peke yake, akisali sehemu yake na kujibu sehemu yao.

Wanatuma pesa nyumbani kama sisi?

Wanatushinda. Mwaka 2023 pesa zilizotumwa Meksiko kutoka nje zilizidi dola bilioni 60, karibu zote kutoka Marekani. Zinajenga nyumba za ghorofa ambazo hazina mtu ndani, mnazijua. Watu wa jimbo la Zacatecas walianza kuchanga kupitia vyama vyao vya kijiji, na serikali ikaanza kuongeza juu ya mchango wao. Mwaka 2002 utaratibu ukawa wa nchi nzima kwa jina la 3x1: kila peso ya wahamiaji ilifuatwa na ya halmashauri, ya jimbo na ya serikali kuu, mpaka serikali kuu ilipoacha kuutengea pesa mwaka 2020. Barabara, maji, na mara nyingi paa la kanisa.

Na ukisikia wanazungumzia "tanda", usiulize ni nini. Ni upatu. Watu kumi, kila wiki kiasi kile kile, kila mmoja kwa zamu yake. Nimeshacheza mbili. Mwenye daftari alikuwa mama muuza tamales, chakula cha unga wa mahindi kinachofungwa kwenye maganda, na kwa ukali wake angeweza kuongoza kikoba chochote cha Mbagala.

Vipi watoto wao?

Hawa ndio nawaonea huruma, na ndio ninaowaona kwa mwanangu. Msichana wa miaka 9 anakaa kati ya mama na daktari, anatafsiri neno "uvimbe" ambalo halijui kwa lugha yoyote. Anajaza fomu za kodi. Anajua kodi ya nyumba ni kiasi gani.

Akienda likizo Meksiko binamu zake wanamcheka Kihispania chake na kumwita "pocho", yaani Mmeksiko aliyegeuka Mmarekani. Akirudi Chicago ni Mmeksiko. Wenyewe husema "ni de aquí, ni de allá", si wa hapa wala wa kule.

Walioletwa wadogo bila kibali walipata ahueni mwaka 2012, mpango wa Barack Obama uitwao DACA. Wengi sana walioupata ni Wameksiko. Unampa mtu ruhusa ya kufanya kazi kwa miaka miwili miwili, na hauelekei kwenye uraia. Waliokuwa vijana siku ile sasa wana watoto wao shuleni, na bado wanahesabu miaka miwili miwili.

Wote wanaongea Kihispania?

La. Meksiko inatambua lugha 68 za wenyeji. Katika mashamba ya California kuna watu wengi kutoka Oaxaca wanaoongea Kimixteco au Kizapoteco, na Kihispania kwao ni lugha ya shuleni kama shule ilikuwepo. Mgonjwa wao hospitali inamletea mkalimani wa Kihispania, na mgonjwa anaitikia sí, sí kwa aibu. Wapo pia Wameksiko wanaowadharau watu hao. Ubaguzi nao hubebwa kwenye begi.

Kuna watu weusi kule? Na sisi tunahusianaje nao?

Wapo. Pwani ya Costa Chica, Guerrero na Oaxaca, vipo vijiji vya wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani. Vicente Guerrero, rais aliyepiga marufuku utumwa mwaka 1829, alikuwa na asili ya Kiafrika, na jimbo limepewa jina lake. Hata hivyo katiba iliwatambua kwa jina mwaka 2019 tu.

Kwa upande wetu, anza na Lupita Nyong'o. Alizaliwa Mexico City mwaka 1983, baba yake akifundisha huko, na wazazi wakampa jina la pale: Lupita ni kifupi cha mapenzi cha Guadalupe, jina la Bikira ambaye sikukuu yake, Desemba 12, mtaa wangu haulali. Halafu kuna mkonge. Asili yake ni kusini mwa Meksiko. Mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika Tanga 62 mizima, na mashamba yote yale yakatoka humo. Ukitazama begani mwa mvuna mkonge wa Korogwe unatazama mmea wa Kimeksiko.

Na miaka ya karibuni ndugu zetu Wakongo walifika Tapachula, kusini kabisa mwa Meksiko, wakisubiri vibali vya kusonga mbele. Mwaka 2019 waliandamana pale pamoja na Waafrika wengine.

Familia yenyewe haina ubaya?

Inao. Mwanamume anayeamini sauti yake ndiyo sheria yupo, na neno machismo tumelichukua kwao. Binti mkubwa analea wadogo zake, anapika, anatafsiri, kisha akipata chuo cha mji mwingine anaulizwa anamwachia nani mama. Kijana anayependa asichotakiwa kukipenda ananyamaza kwa sababu compadre wa baba atasikia. Nimeona binti akilia bafuni kwenye sherehe yake mwenyewe. Kamba inayokuokoa mtoni ndiyo hiyo hiyo inayokufunga, na sitajifanya ya kwetu ni laini zaidi.

Nikialikwa nyumbani kwao nifanye nini?

Nenda Desemba, siku ya kutengeneza tamales. Utakalishwa mezani na bakuli la maganda ya mahindi yaliyolowekwa, na donge la masa, unga wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa. Watakufundisha: paka masa upande laini wa ganda, weka nyama na pilipili katikati, kunja. Kabla ya hapo bibi atachukua kipande cha masa kama punje ya maharage na kukidondosha kwenye glasi ya maji. Kikizama, kinakandwa tena. Kikielea, kazi inaanza, na umbea pia.

Mikono mitupu usiende nayo. Soda au mkate mtamu unatosha. Ukiaga utafungiwa chakula, wanakiita "itacate", na kukataa ni matusi. Bakuli ukilirudisha lisiwe tupu. La kwanza nililirudisha na vitumbua. Doña akauma kimoja, akafumba macho, akaniuliza kama mama yangu ana watoto wa kubatizwa.